Kibarua cha Nusu Siku Shuleni



Huenda kata yako ina shule ya sekondari. Shule nyingi za namna hiyo zilijengwa kuanzia mwaka 2004, kwa fedha za serikali na kwa nguvu za wananchi. Labda hata wewe ulibeba mawe au ulifyatua matofali. Watu wanaziita shule za kata.

Tangu Januari 2016 wazazi hawalipi ada katika shule za serikali, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Lakini chakula cha mchana katika shule ya kutwa ni jambo jingine. Mara nyingi wazazi hukutana na kukubaliana. Kila mzazi atoe mahindi kiasi fulani, maharage kiasi fulani, na fedha kidogo za mafuta, chumvi na mpishi.

Chakula kikishachangwa, anatakiwa mtu wa kukipika. Hapo ndipo kazi tunayoisoma leo inapoanza. Shule haina haja ya mtu wa kutwa nzima. Inamtafuta mtu wa karibu, wa saa chache. Anakuja asubuhi, anapika, anagawa, anaosha masufuria, anarudi shambani kwake. Huyu ni msaidizi wa jikoni. Pengine anapewa na funguo za stoo.

Kazi hii ni nzuri kwa mtu mwenye shamba na watoto. Lakini ina hatari yake. Jiko la moto ni hatari moja. Hatari nyingine imo ndani ya stoo, nayo ndiyo imewafukuzisha watu kazi. Wewe sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Tuone elimu hiyo itakusaidia namna gani.

SOMA KABLA YA KUWEKA SAHIHI

Tuseme umeitwa shuleni. Mkuu wa shule anakupa karatasi. Imeandikwa hivi:

Kazi: Msaidizi wa jikoni.
Siku: Jumatatu hadi Ijumaa.
Saa: saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana.
Malipo: shilingi 120,000 kwa mwezi.
Kazi zake: kupika chakula cha mchana, kuosha vyombo, kusafisha jiko, na kazi nyingine atakazopangiwa.

Usiseme, "Nimeelewa, lete kalamu." Keti. Soma polepole, mstari kwa mstari. Kama herufi ni ndogo, omba kwenda nayo nyumbani ukaisome na wenzako wa darasa.

Kwanza hesabu saa. Kutoka saa 2 hadi saa 8 ni saa 6. Mara siku 5, ni saa 30 kwa wiki. Sheria inasema mfanyakazi asizidishe saa 45 za kawaida kwa wiki. Hapo huna tatizo. Lakini angalia, je, makande yataiva kama moto utawashwa saa 2? Ikiwa wanafunzi wanakula saa 7, huenda utatakiwa kufika saa 12. Hizo saa 2 za alfajiri hazimo kwenye karatasi. Uliza sasa, si baada ya miezi mitatu.

Halafu tazama maneno ya mwisho: "na kazi nyingine atakazopangiwa." Maneno haya ni machache, lakini yanaweza kubeba mzigo mkubwa. Yanaweza kuwa kufagia ofisi, kuteka maji ya nyumba za walimu, au kulima bustani ya shule. Si vibaya kumsaidia mtu. Lakini uliza: "Mkuu, kazi hizo nyingine ni zipi? Zitafanywa ndani ya saa zangu au baada yake?" Jibu likipatikana, liandikwe.

Uliza na hili: shule ikifungwa mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, malipo yanaendelea au yanasimama? Wasaidizi wengi hawaulizi. Likizo ikifika wanashangaa.

Tena uliza mwajiri wako ni nani. Ni shule? Ni bodi ya shule? Au ni kamati ya wazazi ya chakula? Hili linaonekana dogo, lakini siku ya kudai mshahara kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole. Jina la mwajiri liwe kwenye karatasi.

Kiasi cha shilingi 120,000 tumekitumia kwa ajili ya hesabu tu. Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara, na hukibadilisha baada ya miaka kadhaa. Ukitaka kujua kiasi cha leo, uliza ofisi ya kazi ya mkoa, au mwombe mtendaji wa kata akuulizie.

Sheria inayohusika inaitwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Ilitungwa mwaka 2004. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa na malipo. Haki hiyo anayo hata kibarua wa saa chache, mradi anafanya kazi siku 6 au zaidi kwa mwezi. Na kama mfanyakazi haelewi maandishi hayo, ni wajibu wa mwajiri kumweleza mpaka aelewe. Kwa hiyo ukisema "Sijaelewa mstari huu," hujakosa adabu. Umetumia haki yako.

Ukisharidhika, weka sahihi. Weka tarehe. Omba nakala. Itie katika mfuko wa nailoni, uiweke mahali ambapo panya na mvua haviifikii.

KISA CHA KILO 20

Sasa tuingie stoo. Tutumie mfano wa mama mmoja. Tumwite Mama Mpishi.

Shule yake ina wanafunzi 250 wanaokula. Shule imepanga kila mwanafunzi apate gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku. Mama Mpishi anahesabu hivi:

Maharage: 250 mara 40 ni gramu 10,000. Gramu 1,000 ni kilo 1. Kwa hiyo ni kilo 10 kwa siku.

Mahindi: 250 mara 120 ni gramu 30,000. Ni kilo 30 kwa siku.

Siku moja mfanyabiashara alileta magunia 3 ya maharage. Karatasi yake ilisema kilo 300. Mama Mpishi aliyatazama magunia. Yalikuwa yamesimama vizuri, yameshonwa kwa kamba. Aliweka sahihi. Gari likaondoka.

Mwezi ule ulikuwa na siku 22 za shule. Kila siku Mama Mpishi alitoa kilo 10, hakuzidisha. Jumla ni kilo 220. Mwisho wa mwezi kamati ya wazazi ilikuja kukagua. Walichukua kilo 300 za kwenye karatasi, wakatoa kilo 220. Wakasema, "Zinatakiwa kuwapo kilo 80." Wakapima. Zikawa kilo 60.

Kilo 20 hazipo. Nani mwenye funguo? Mama Mpishi. Nani aliyeweka sahihi? Mama Mpishi. Bei ya maharage sokoni ilikuwa shilingi 3,000 kwa kilo. Kilo 20 ni shilingi 60,000. Hiyo ni nusu ya mshahara wake. Lakini fedha haikuwa uchungu mkubwa. Uchungu ulikuwa njiani kuelekea kisimani. Wanawake wenzake walipomwona walinyamaza.

Maharage yalikwenda wapi? Hayakwenda popote. Hayakuja. Magunia yale hayakuwa na kilo 100 kila moja. Moja lilikuwa na kilo 94, la pili kilo 92, la tatu kilo 94. Jumla yake ni kilo 280. Ukitoa 220 zinabaki 60, kama kamati ilivyozikuta. Mama Mpishi hakuiba hata punje moja. Ila hakuwa na la kuonyesha. Mwenye karatasi alikuwa mfanyabiashara.

PIMA, NDIPO UANDIKE

Sasa tuseme siku ile ya maharage ingekwenda namna nyingine. Mwalimu kijana anayesimamia chakula anafika jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Habari za toka asubuhi?"

"Nzuri, mama. Maharage yamefika. Magunia matatu, kilo mia tatu. Weka sahihi hapa, mwenye gari ana haraka."

"Nimeyaona, mwalimu. Naomba tuyapime kwanza."

"Lakini mama, gunia si ni kilo mia siku zote?"

"Ndivyo linavyoitwa, mwanangu. Lakini yakipungua nitaulizwa mimi."

Mwalimu anacheka. Anatuma wanafunzi wawili wakalete mizani.

Maneno hayo hayana ugomvi. Hakumwita mtu mwizi. Hata mfanyabiashara anaweza kuwa alidanganywa huko alikonunua. Mama Mpishi ameomba kupima tu.

Wakishapima, anaandika kwenye karatasi ya mfanyabiashara, juu ya sahihi yake: "Nimepokea magunia 3. Uzito baada ya kupimwa ni kilo 280 (mia mbili na themanini). Pungufu kilo 20." Kisha mwalimu anaweka sahihi yake pembeni, kwa sababu amekuwapo. Shule italipa kilo 280, au mfanyabiashara ataleta kilo 20 nyingine.

Ona kwamba ameandika kwa tarakimu na kwa maneno. Tarakimu ni rahisi kugeuzwa. Mtu akichora mkia mdogo, 1 inakuwa 7, na 0 inaweza kuwa 6 au 9. Maneno "mia mbili na themanini" ni magumu kugeuza.

Je, shule haina mizani? Azima kwa chama cha ushirika, au kwa mwenye mashine ya kusaga. Ikishindikana kabisa, pima kwa debe. Tumia debe lile lile kila siku, ulijaze kwa namna ile ile, bila kulundika. Usichanganye debe la leo na ndoo ya kesho.

DAFTARI LA STOO

Kila kinachoingia na kinachotoka kiandikwe siku ile ile. Usingoje Ijumaa. Chukua daftari la kawaida, chora mistari. Ukurasa wa maharage uwe peke yake, wa mahindi peke yake, wa mafuta peke yake. Ukurasa wa maharage utakuwa hivi:

Tarehe 3. Kilichokuwapo 0. Kilichoingia 280. Kilichotoka 10. Kilichobaki 270. Waliokula 250.

Tarehe 4. Kilichokuwapo 270. Kilichoingia 0. Kilichotoka 10. Kilichobaki 260. Waliokula 250.

Tarehe 5. Kilichokuwapo 260. Kilichoingia 0. Kilichotoka 9. Kilichobaki 251. Waliokula 225.

Kwa nini tarehe 5 zimetoka kilo 9 tu? Kwa sababu kiranja wa chakula alileta hesabu ya wanafunzi 225. Wengine walikuwa wagonjwa, au mvua ilifunga njia. 225 mara 40 ni gramu 9,000, yaani kilo 9. Usipike kwa mazoea. Uliza kila asubuhi, wako wangapi leo?

Andika kwa kalamu ya wino, si kwa penseli. Ukikosea, usifute wala usichane ukurasa. Piga mstari mmoja juu ya kosa, ili kosa lenyewe lisomeke. Andika namba sahihi pembeni, uweke sahihi yako. Mkaguzi akiona ukurasa umechanwa atakushuku. Akiona kosa limekatwa kwa mstari mmoja, atajua huna la kuficha.

Kila mwisho wa wiki mwombe mwalimu msimamizi apime kilichobaki pamoja nawe na aweke sahihi. Wengine watasema unajipa kazi. Waache waseme.

Kuna jambo jingine ambalo watu huona haya kulisema. Nalo ni maombi ya pembeni. Mtu mwenye cheo anapita jikoni. Anasema, "Mama, nipimie kilo mbili tu, nitarudisha Jumamosi." Wewe ni kibarua. Yeye ni mkubwa wako. Utamkataliaje? Mjibu kwa heshima: "Sawa, nitaandika kwenye daftari, nawe utaweka sahihi, na mkuu wa shule ataona." Mara nyingi ombi litakufa hapo hapo. Likiendelea, limeandikwa. Usikubali kamwe kutoa bila kuandika, hata kwa ahadi ya saa moja.

Na makombo je? Chakula kikibaki kwenye sufuria, wapishi wengi hubeba nyumbani. Chakula kilichopikwa kutupwa ni hasara, na mpishi ana watoto. Lakini usijichukulie. Mwombe mkuu wa shule au kamati mapema, iandikwe kwamba makombo ni ya wapishi, au yagawiwe kwa namna fulani. Bila hivyo, sahani moja ya makande mkononi mwako jioni itageuka gunia katika midomo ya watu.

MAHINDI YENYE UKUNGU

Unapopokea mahindi, usipime uzito tu. Fungua gunia. Ingiza mkono mpaka katikati. Kama kuna joto na unyevu, mahindi hayakukauka. Nusa. Mimina kidogo kwenye ungo utazame. Punje zenye ukungu wa kijani, wa njano au mweusi, na punje zilizosinyaa au zilizovunjika, zitenge.

Ukungu huo unaweza kuwa na sumu. Inaitwa sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula nafaka yenye sumu hii. Jambo baya zaidi ni kwamba moto wa jikoni hauimalizi. Utachemsha asubuhi hadi mchana, sumu itabaki. Na mahindi mabaya yakisagwa pamoja na mazuri, hakuna atakayeyaona tena.

Kwa hiyo usinyamaze kwa kuogopa kuambiwa unaringa. Mwite mwalimu aone. Andika: "Mahindi kilo 6 yenye ukungu yametengwa, hayakupikwa." Usiwape kuku wala ng'ombe. Sumu inawadhuru nao, na inaweza kupita kwenye maziwa.

Magunia mazuri yapange juu ya chaga, si juu ya sakafu, na yasiguse ukuta. Ukuta hunyonya maji ya mvua bila wewe kujua.

MOTO NA MASUFURIA

Hapa hatutakaa sana, maana kupika unajua. Lakini kupikia watu 250 si sawa na kupikia nyumba. Sufuria kubwa lililojaa halibebwi na mtu mmoja. Sakafu yenye uji uliomwagika ifutwe kabla ya kupita. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa wa miti. Kama shule yako imepata jiko la gesi, usiliwashe mpaka umefundishwa kulizima.

Ukiungua kazini, toa taarifa siku ile ile kwa maandishi, na mtu aliyeona aandike jina lake. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango wake hutolewa na mwajiri. Mfanyakazi hakatwi mshahara kwa ajili yake. Uliza kama shule imekuandikisha.

MACHO YA JIKONI

Mpishi anaona mambo ambayo mwalimu haoni. Mwalimu anawatazama watoto wakiwa wameketi kwenye madawati. Wewe unawaona wakiwa na njaa.

Utamwona mtoto anayekaa mbali saa ya chakula, anajifanya anasoma. Huenda wazazi wake hawajachanga. Hili ni jambo zito, na wazazi hubishana sana juu yake. Mmoja anasema asiyechanga asile. Mwingine anasema mtoto hana kosa. Uamuzi si wako, wala usipike kwa siri ukaharibu hesabu yako. Lakini pia usimfukuze mtoto kwa sauti mbele ya wenzake. Mwambie mkuu wa shule faraghani kwamba mtoto fulani hali siku ya tatu sasa. Wazazi wengine wakiulizwa vizuri watasema hawana mahindi ila wana kuni, au wanaweza kuja kuteka maji. Kamati inaweza kukubali. Kikao hakitajua kama hakuna aliyesema.

Utamwona pia msichana aliyeacha kula ghafla, anayelia nyuma ya jiko. Wasichana huwaambia wapishi mambo wasiyowaambia walimu, kwa sababu wewe ni mama yao wa kijijini. Akikuambia mtu mzima anamsumbua au amemtenda ubaya, msikilize. Usimwapie kwamba utaficha. Usiende kulizungumza kisimani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Nenda kwa mkuu wa shule. Kama mtuhumiwa ni mtu wa shule, nenda kwa mtendaji, kwa ofisa ustawi wa jamii au polisi. Ipo pia namba ya simu ya kusaidia watoto, nayo ni 116.

Na kama msichana amepata mimba, yeye na wazazi wake wajue kwamba tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua warudi shuleni. Wengi vijijini bado wanadhani mlango umefungwa.

WAKITAKA KUKUKATA MSHAHARA

Turudi kwa Mama Mpishi na zile kilo 20. Kamati ilisema, "Tutamkata shilingi 60,000 mwezi huu." Je, wanaweza?

Ile sheria ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara kama anavyopenda. Lazima hasara iwe imetokea kazini na iwe kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima mwajiri amwandikie sababu, kiasi, na namna alivyokipata. Lazima ampe nafasi ya kukataa na kujitetea. Na hata akikutwa na kosa, makato yasizidi robo ya mshahara wake.

Robo ya 120,000 ni 30,000. Kwa hiyo hata angekuwa na kosa, wasingeweza kuchukua 60,000 kwa mwezi mmoja. Na Mama Mpishi hana kosa la kula maharage. Akiandikiwa, ajibu kwa maandishi: "Magunia hayakupimwa yalipopokelewa. Naomba kamati imwite mfanyabiashara, na magunia mengine aliyoyaleta yapimwe." Barua ya mistari mitatu inatosha. Abaki na nakala.

Wasiposikia, kuna bodi ya shule. Kuna mtendaji wa kata. Kuna ofisi ya kazi. Tena kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza magomvi ya kazi. Lakini siku zinahesabiwa. Lalamiko la kuachishwa kazi lipelekwe kwenye Tume ndani ya siku 30. Lalamiko jingine, kama la mshahara, ndani ya siku 60. Ujue pia kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Mshahara wa siku alizofanya kazi anaweza kuudai.

Mpaka hapo utaona kwa nini tuliweka nakala katika mfuko wa nailoni. Tume itauliza: barua ya kazi iko wapi? Daftari liko wapi?

ZOEZI

1. Shule ina wanafunzi 300. Kila mmoja anapata gramu 50 za maharage kwa siku. Yamekuja magunia 2. Moja lina kilo 96, jingine kilo 93. Yatatosha siku ngapi, na zitabaki kilo ngapi? (Jibu: siku 12, zinabaki kilo 9.)

2. Mwenye magunia hayo alidai ni kilo 200. Andika maneno ambayo ungeyaandika juu ya sahihi yako. Andika uzito kwa tarakimu na kwa maneno.

3. Mshahara ni shilingi 140,000. Robo yake ni ngapi?

4. Jadilini darasani: mtoto ambaye mzazi wake hajachanga, afanyweje saa ya chakula? Katika darasa lenu wamo wazazi waliochanga na wasiochanga. Kila mmoja asikilizwe. Mkikubaliana, andikeni barua fupi kwa kamati ya chakula ya shule yenu, kila mtu aweke sahihi yake mwenyewe.